Cheti cha Priska

Mama alikitunza ndani ya kopo la Kasuku,
kimeviringwa pamoja na majani ya mwarobaini.
Kila Krismasi tulikifungua mezani,
mikono imenawa, imekauka, chai imeondolewa.

Ni cheti cha ubatizo cha nyanya yake.
Kilichorwa Kisauni na Gotlobu, seremala Mjerumani
aliyepanda meli aje kutengeneza madawati
akabaki mpaka meno yakamwisha.
Kwao, alisema, mtoto haandikwi tu: hupambwa.

Basi tazama. Herufi zimevunjika viwiko
kama vijiti vya kuwashia moto.
Pembeni maua ya kwao, ambayo hatukuyajua jina,
sisi tukayaita vitunguu vilivyochanua.
Njano ni bizari. Wekundu ni hina
aliyoiomba kwa Mwana Shee wa Kongowea,
naye akacheka: mzungu anamwoa nani?

Kushoto ndege wa kwao, mnene, ana shungi.
Kulia wino ulibadilika, au moyo:
amechora kurumbiza, mdomo wazi.

Jina: Priska.
Baba: kistari.
Mama: kistari.
Alizaliwa: hapo hakuandika neno.
Manowari ilimshusha na wenzake, minyororo imeshakatwa,
hakuna aliyejua mwaka wala kijiji,
ila meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka.
Pale pa tarehe Gotlobu akajaza shada zima,
ua juu ya ua, kama mtu anayeziba shimo.
Na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
ukiipeleka karatasi dirishani:
Atupele, ndivyo anavyojiita usingizini.

Juzi nimekipeleka ofisi ya ardhi.
Karani akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele,
akitafuta muhuri. "Dada, hii ni picha.
Tarehe iko wapi?"
Nikamwonyesha shada.
"Sasa kwenye kompyuta niandike nini? Maua?"

Foleni ikaguna.
Akaandika tarehe mosi Januari,
kama wanavyoandikiwa wote
waliozaliwa pasipo saa ukutani.
Akatoa nakala. Mashine ikayafanya maua meusi,
kurumbiza akawa doa.

Nimekirudisha koponi, majani nimebadilisha.
Lakini usiku ule nilichukua penseli ya mwanangu
na cheti chake cha serikali,
na nyuma, pale peupe,
nikajaribu lile ua.
Limetoka kitunguu.
Kitunguu hasa, cha sokoni.
Sijakifuta.