Niulizeni Uji

Wanasema mgonjwa haulizwi uji.
Basi miaka mitatu nimekunywa nilichomiminiwa:
viwili asubuhi, viwili usiku,
na kadi yangu ya kliniki imejaa usemi mmoja,
Anaendelea vizuri. Anaendelea vizuri.

Ni kweli, sijaanguka.
Miezi kumi na tisa moto wa jikoni haujaniona uso kwa uso,
na hili kovu la kiwiko, jeusi kama chungu,
halijapata mwenzake.
Lakini mimi ni fundi cherehani, Dokta Msigwa,
Tukuyu hii hii, barazani kwa mama Ambwene,
pale mvua inapogonga bati
mpaka mteja anapiga kelele kutaja kiuno chake.
Na mkono wangu unatetemeka.

Kila alfajiri mjukuu wangu Tusekile,
kabla hajavaa soksi za shule,
ananitungia sindano saba.
Anazichomeka kwenye kipande cha sponji, nyuzi zinaning'inia.
Ikiisha ya saba nafunga kazi,
hata kama ni saa sita, hata kama ni Januari
na watoto wa watu hawana sare.

Leo sikuja na maneno.
Maneno nimeshaleta mara nne,
ukayaandika: mtetemeko kidogo.
Leo nimeleta sindano na uzi mweusi.
Nitazame.

Mara ya kwanza uzi ukapita kulia.
Mara ya pili, kushoto.
Nje foleni inakohoa, nesi anachungulia,
mara ya tano, ya sita,
nikasikia kalamu ikilazwa mezani.

"Kumbe si kidogo," akasema.

Ndipo tukaanza, kama watu wanaouziana ndama.
Yeye: nikipunguza, utaanguka.
Mimi: usipopunguza, nitavimeza juu ya chakula gani?
Yeye: ipo dawa nyingine, haitikisi mkono,
ila hapa haijaletwa tangu Pasaka,
utainunua Mbeya.
Mimi: bei?
Akaitaja. Nikaigeuza kichwani, ikawa sketi nne za shule,
zipu na vifungo vyake,
kila mwezi, mpaka nife.
Akanyamaza.
Kisha akauliza, na hajawahi kuuliza:
"Unaogopa nini zaidi, kuanguka au kutetemeka?"

Nilitaka kujibu upesi, kifundi.
Nikaona moto.
Nikasema, sijui. Niache kwanza nisijue.

Akaandika polepole ili nisome:
usiku kimoja na nusu, wiki nne,
asipike peke yake,
daftari la kila siku,
"halafu turudi hapa."
Turudi, si urudi.
Nimelisikia.

Huu ni usiku wa tatu. Ukungu umeshuka mpaka migombani.
Kidonge nimekikata kwa wembe
ninaopasulia vitundu vya vifungo.
Nusu nimeimeza.
Nusu iko kwenye kisahani, nyeupe, inanitazama
kama mtoto aliyeachwa nyumbani.
Tusekile anapika yeye, ananichunga mimi
kuliko anavyochunga maharage,
yanaungua, hakuna anayesema.

Mkono bado unacheza.
Huenda ni dawa. Huenda ni hofu.
Huenda ni hii baridi ya Juni tu.
Kesho nimemwambia atunge sindano sita.