Spana Namba Kumi na Saba

Kabale, Julai. Ukungu umegoma kuondoka;
saa nne asubuhi bado umesimama mlangoni
kama mdai ambaye hakuambiwa aketi.
Nami nafurahi. Leo siendi popote.

Kitandani: mabonge sita ya sufu,
rangi ya bushera iliyolala siku mbili,
kila bonge limevaa mkanda wake wa karatasi.
Ninsiima, mtoto wa dada yangu, kayaleta kutoka Kampala.
"Mjomba," kasema, "hizi hazijawahi kuwa sweta ya mtu."

Hazijawahi kuwa sweta ya mtu!
Miaka tisa nafuma kwa nyuzi za kufumua:
nanunua mitumba Jumatano, nakata mshono wa ubavu,
navuta, navuta, uzi unatoka umejikunjakunja
kama nywele zilizofumuliwa sasa hivi,
unakumbuka kiwiko, unakumbuka shingo ya mgeni.
Naufua, nautundika na jiwe chini,
hausahau.
Huu wa leo hauna wa kumkumbuka.
Nimeuweka shavuni, mlango nimeufunga kwanza,
maana Turyahikayo wa malori akionekana anabusu sufu
habari itafika Katuna kabla ya saa sita.

Na juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, vitabu saba.
Hivi vimepita mikononi, havifichi.
Kimoja hakina jalada, kinaanzia ukurasa wa tisa,
mwenyewe tayari ana deni na mkewe kanuna;
nimemzoea hivyohivyo, sijui hata kwao.
Kimoja cha ufugaji wa nyuki. Mzinga sina.
Kingine, mashairi, kina wino wa kijani:
Zubeda, soma kisha urudishe.
Zubeda, hukurudisha. Asante.
Tena kuna aliyepiga mstari chini ya neno "subira"
mara tatu, hadi karatasi ikatoboka.

Kiswahili changu nilikiokota barabarani,
Mariakani, Mlolongo, Malaba,
kwa mama wa chai, kwenye foleni za mizani.
Mizani niliyoijua ni ile ya kupimia lori;
sasa nahesabu ya beti kwa vidole
na bado najikuta nimezidisha mzigo.
Nyonga ilistaafu kabla yangu. Lugha ilibaki,
na mtaani hapa sina wa kuongea naye
isipokuwa huyu mwenye deni.

Taabu ni mikono.
Kitabu kinataka mmoja, sufu inataka yote.
Nilijaribu kukibana kwa kiazi; kikabingirika.
Nilijaribu goti; goti likalala usingizi.
Ndipo nikavuta sanduku la vyombo mvunguni
nikatoa spana namba kumi na saba,
ile iliyokaza pampu ya maji kule Kericho
mvua ya mawe ikinipiga mgongoni,
nikailaza kifuani pa kitabu.
Kikatulia wazi, kama mtoto aliyeshiba.

Sigiri inanong'ona.
Kitanzi, kitanzi, mstari.
Kitanzi, kitanzi, mstari.
Mwenye deni amefika kwa mkopeshaji,
mkono ameuinua, abishe, asibishe,
nami sipumui,
na mshika mawili, si walisema, moja humponyoka:
natazama chini, kitanzi kilishadondoka
mistari minne nyuma. Shimo la kupitisha njegere.

Zamani ningefumua, nirudi hadi kwenye kosa,
nikijitukana kwa lugha zote za barabara kuu.
Leo nimegeuza ukurasa.

Ninsiima atakapoivaa
akapitisha kidole chini ya kwapa,
akaniuliza, "Mjomba, hapa palikuwaje?"
nitamwambia: hapo, mama,
ndipo alipobisha hodi.