Toa Ulimi

Nilikuwa nakata kwa wembe.
Kidonge cha mtu mzima, kigumu kama chaki,
robo yake ya mtoto, na robo haikuwa robo:
moja nene, nyingine vumbi juu ya karatasi.
Ukipiga chafya, umepuliza jioni ya mtoto wa mtu.
Miaka kumi na moja hivyo, dirisha namba nne,
Loleza mbele yangu ikivaa ukungu na kuuvua.

Kisha ikaja mashine.
Si kubwa, ingetosha palipokuwa cherehani.
Ina pua moja, pua inatoa uji,
uji una dawa, dawa ina hesabu.
Inazunguka, inapanda unene wa unywele, inazunguka tena,
kama mama wa Ikombe akiinua chungu,
ila hii haina viganja
na haimsemi jirani.

Jumanne bibi Subilaga aliteremka kutoka Isyonje,
mjukuu mgongoni, mkubwa mno kubebwa.
Gwakisa. Miaka mitano. Siku ya tatu hajala.
"Toa ulimi," nikamwambia.
Akamtazama bibi yake kwanza.
Kwao anayewatolea wakubwa ulimi
hulala na alama ya kofi.
"Toa, baba. Leo ni ruhusa."
Ukatoka mweupe, kama utando wa maziwa
yaliyosahauliwa sufuriani,
na pale ulipobanduka, nyama mbichi.

Nikamtajia maumbo: nyota, samaki, twiga, gari.
Wa mjini huchagua gari.
Akanong'ona. Bibi akacheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kitenge:
"Anataka kiazi."

Kiazi mviringo. Cha kuchemsha, cha chumvi,
kile alichokitazama siku tatu
wenzake wakikimenya kingali moto,
wakikirusha mkono huu, mkono huu.

Kwenye kompyuta hapakuwa na kiazi.
Nikakichora, kwa kipanya kinachokwama,
nikakitia hata macho yake, matatu,
nikaandika uzito: kilo kumi na nne na nusu.
Nusu hiyo nayo niliiandika.
Wembe haukuwahi kujua nusu hiyo.

Bibi alikuwa na lake.
"Dawa isiyo chungu inamwinua nani kitandani?"
Uchungu umo, mama. Nimeufunika pasheni tu.
Na usimwambie ni peremende.
Mwambie dawa, hata ikiwa na sura ya kucheka.
Weka juu, dada yake asiifikie.
Aimung'unye taratibu, asitafune,
iyeyukie pale pale palipo na vita.

Cha kwanza, cha pili. Cha saba kilikuwa nusu
umeme ulipokatika.
Pua ikabaki imeinama
kama mtu aliyesahau neno katikati ya salamu.
Jenereta likaguna, likanyamaza, likaguna, likashika.
Nikakiokota kile cha nusu, nikakitupa.
"Unatupa dawa?" Bibi aliuliza kwa sauti
ya mtu anayejua bei ya nauli.
Nikasema nusu si dozi.
Nikasema, na nikaona aibu,
maana meza ilikuwa ile ile,
na mikwaruzo ya wembe ilikuwa bado juu yake,
midogo, mingi, kama mvua ya manyunyu kwenye kioo.
Wangapi?
Hakuna daftari la walioondoka na vumbi.

Wakaondoka na kopo, viazi ishirini na moja
vya rangi ya udongo, vidogo kuliko kifungo cha shati.

Juma la pili nikawaona getini.
Gwakisa alikuwa anatembea kwa miguu yake,
mkononi kiazi, cha kweli safari hii,
kimeumwa upande mmoja.
Sikumwita. Sikumwomba chochote.
Alisimama, akanikazia macho kupitia dirisha namba nne,
akanitolea ulimi wote, mrefu, wa waridi,
wenye wanga wa kiazi na dharau nzima ya mtoto mzima.

Nilikuwa bado nautazama
mkono wa bibi ulipopanda.
Ruhusa, kumbe, ilikuwa ya Jumanne ile tu.