Aliyelala

Kazini kwetu mteja asiyebeti siku thelathini
huitwa aliyelala.
Kazi yangu ni kuamsha.

Naitwa Corinne. Naketi ghorofa ya sita, Jersey City,
dirishani mto, mezani skrini mbili
na orodha ya wanaume
ninaowajua kuliko ninavyowajua dada zangu.
Najua nani hubeti akiwa chooni.
Najua nani hubeti kanisani, saa nne na nusu, Jumapili,
vidau vidogovidogo,
kana kwamba Mungu hahesabu chenji.

Lyle Wozniak wa Toledo,
fundi wa matanuru ya kupasha nyumba joto,
alijisajili siku ileile Ohio ilipofungua mlango.
Siku hiyo sisi tulikata keki yenye umbo la mpira;
wakili wa kampuni akainua glasi:
sasa ni halali kama maziwa.
Lyle alianza na dola kumi, mkeka wa mechi tatu.
Ukatiki.
Ningependa kusema hapo ndipo nilipomwonea huruma.
Hapo ndipo nilipomwekea nyota.

Kufikia Machi alishaziacha timu anazozijua.
Saa tisa usiku, theluji ikiufunika mgongo wa gari lake la kazi,
alibeti tenisi ya meza kutoka Ostrava:
vijana wawili, ukumbi mtupu,
majina ambayo ulimi wake haukuyaweza,
na kila kipira kilipogonga meza, ko,
kiligonga mshahara wa Ijumaa, ko,
kikagonga bima ya gari, ko,
kikagonga meno ya mtoto yaliyosubiri waya.

Mikeka ilichanika. Alisuka mingine.

Mimi ndiye niliyempandisha daraja.
Nilimtumia fulana, nilimtumia tiketi mbili za viti vya mbele,
na mama yake alipofariki nilimtumia maua,
meupe, kutoka fungu la bonasi.
Akaniandikia: Corinne, ni wewe tu uliyekumbuka.
Nilisoma mara mbili.
Kisha nikajaza fomu: mteja amefikiwa.

Oktoba, kimya.
Kwenye skrini jina lake likageuka manjano,
Novemba likawa kijivu.
Nilimpa dola mia za bure. Kijivu.
Mia mbili. Kijivu.
Msimamizi akapita nyuma ya kiti changu:
huyu alikuwa samaki mkubwa, mpigie.

Nikapiga.
Akapokea mtoto, sauti yenye mafua.
Nikajitaja.
"Wewe ndiye wa maua?"
Ndiyo, nikasema, mimi ndiye wa maua.
"Baba amelala kwenye kochi. Amevaa koti.
Sote tumevaa makoti. Gesi imekatwa."
Nikasikia anahama chumba, soksi juu ya mbao,
na pumzi ya mtu mzima, nzito, ya mbali,
pumzi ya mtu ambaye hatimaye hasubiri matokeo.
"Nimwamshe?"

Miaka minne nimelipwa kwa neno hilo.
Nina chati yake ukutani.

"Mwache," nikasema. "Mwache tu alale."
Kwenye fomu nikaandika: hakupatikana.
Ndio wema wangu wote, mnaweza kuupima,
herufi kumi na moja.

Lakini mfumo hauhitaji ruhusa yangu.
Saa tatu usiku ulimtumia wenyewe
dola mia tano, zinazoisha saa sita,
na kengele ndogo, ileile niliyowasaidia kuichagua
kwa sababu kati ya kengele saba
ndiyo iliyofanana zaidi na mtu anayeita jina lako.

Aliyelala usimwamshe,
ukimwamsha utalala wewe.
Si kweli. Mimi silali.
Nipo jikoni, maji yamechemka yakapoa,
natazama jina moja:
kijivu,
kijivu,
kijivu,
kijani.