Bawa la Kushoto

Jumamosi, saa tisa, nyuma ya karakana ya Byamungu
pale Birere, ambapo ukuta wa uwanja wa ndege
umeegemea vibanda kama jirani asiye na haya,
watu watatu huketi kuibishania Andova.

Paluku anasema ilikuwa na rangi ya mchanga.
Kavira anasema majivu, na ushahidi anao:
kibanzi cha rangi, kama ukucha, ndani ya kiberiti.
Juu nyeupe, ya kampuni iliyobeba samaki na madini.
Chini yake kijani, ya mtu ambaye hatumtaji.
Chini kabisa buluu, mviringo unaanza kujipinda,
alama ya jeshi la anga la Waingereza.
"Hata ndege," anasema, "ina jina lake la utotoni."

Mimi si mwanachama. Mimi huleta chai.

Wanajua mambo yasiyomlisha mtu:
kwamba injini zake mbili zililia
kama nyigu aliyefungiwa chupani;
kwamba iliweza kupiga magoti,
miguu ikijikunja, mkia ukishuka polepole
hadi gari la jeshi lipande bila kuinuliwa.
Paluku aliiona mara moja, alipokuwa fundi,
ikipakua maharagwe asubuhi ya mvua.
"Ilipiga magoti," husema,
na kabla ya kusema huweka kikombe chini.

Kisha Nyiragongo ikafunguka ubavu.
Moto ukapita mjini, ukalala juu ya njia ya ndege,
ukapoa, ukawa jiwe.
Andova ikabaki upande wa pili,
mzima, na hana pa kukimbilia.
Watoto waliteleza juu ya mabawa yake.
Halafu wakaja wenye misumeno, usiku kwa usiku.

Leo kuna barua. Kavira anaisoma mara mbili.
Huko Uingereza, jumba la makumbusho lina dada yake:
sakafu imepigwa deki, kamba nyekundu,
mashine ya kufukuza unyevu.
Amekosa kitu kimoja tu.
Je, mnajua lilikokwenda bawa la kushoto?

Byamungu anataka kujua nani atalipa usafiri.
Kavira anataka jumba letu, hapahapa,
hata la mabati, hata la mbao za chukudu.
Paluku amekasirika:
"Ndeke ilale ndani ya nyumba, bayifunike blanketi?
Ni ndeke ao ni mugonjwa?"

Nami nimesimama na chai inayopoa.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilivuta mivukuto.
Baba alichimba umbo la chungu katika mchanga mweusi,
akamimina bawa, kipande kwa kipande,
na lilipoyeyuka lilikuwa jepesi kutazama,
kama maziwa yaliyokunywa mwezi.
Sufuria arobaini na moja.
Akasema hajawahi kupata alumini safi hivyo.
Arobaini ziliuzwa soko la Virunga,
nikalipiwa karo hadi darasa la sita.

Naiweka mezani ile iliyobaki.
Wanadhani nawaongezea chai.

Kavira anaimwaga yote chini, anaigeuza.
Hapo kitakoni, katikati ya masizi,
kuna kichwa cha skrubu ya chuma
kilichokataa kuyeyuka.
Anakigusa kwa kidole kilekile
kinachojua kuhesabu tabaka za rangi.

Paluku anaweka kikombe chini.
Hasemi kitu.

Nilidhani watanitukana. Nilikuwa nimejiandaa,
nina jibu kuhusu njaa, nimelinoa miaka mingi.
Byamungu anatafuta futi yake ya kupimia.
Kavira anachukua kalamu, na nyuma ya barua anaandika:
*Bawa la kushoto, sehemu.
Kipenyo, sentimita ishirini na nane.
Mpini mmoja umelegea.
Hali: linatumika.*

"Na chai yetu?" Paluku anauliza.

Naichukua, narudi jikoni.
Maji huchemka upesi ndani yake. Siku zote yamechemka upesi.