Kikohozi cha Dizeli

Ya kwanza niliipata Memorial,
chini ya rundo la sweta za watoto,
haina gurudumu la nyuma, shavu limebonyea.
Muuzaji akataja elfu saba, nikataja tatu.
Akacheka: mzee, unamnunulia mjukuu?
Nikanyamaza. Mjukuu sikuwa naye bado.

Leo ziko kumi na nne, juu ya meza ya mninga
iliyomeza nusu ya sebule yetu hapa Pasua,
na Aikande hupita upandeupande na sinia la chai
kama abiria anayetafuta behewa lake.

Kila moja imepita mkononi mwangu.
Uzito ni risasi za kusawazishia matairi,
vijana wa gereji walinipa bure.
Kokoto ni mchanga wa mto Karanga
niliouchekecha kwa soksi ndefu ya Aikande,
ile iliyopoteza mwenzake.
Mstari wa njano ubavuni ni rangi ya kucha,
umechorwa kwa unywele mmoja wa brashi
nikiwa nimebana pumzi.

Lakini injini bubu ni kiatu chenye magurudumu.
Nikazipasua tumbo moja moja,
nikatia chipu iliyo ndogo kuliko ukucha,
spika ya simu iliyokufa,
nyaya za kulehemu nimevaa miwani juu ya miwani.

Zikanguruma. Zikanguruma vizuri mno.
Breki, kengele, honi ya kukatisha mazungumzo.
Aikande akasikiliza, akatua sinia:
"Hii siyo ya kwetu. Hii haijawahi kulala na njaa."
Alisema kweli. Ilikuwa sauti ya kununua,
imenaswa kwenye baridi ya watu,
injini iliyoshiba, isiyodaiwa na mtu.

Yetu ilikuwa na kikohozi.
Alfajiri, kabla ya kushuka Kahe,
ilikohoa mara tatu,
ikatulia kana kwamba imebadili nia,
ya nne ndipo ikashika,
na vioo vya dirisha la tiketi vikacheza.
Nilikuwa fundi taa pale stesheni.
Saa yangu ilikuwa kikohozi hicho.

Kisha ikaja miaka reli ikaota majani,
mbuzi wakalala kati ya mataruma,
watoto wakazaliwa, wakaoa, honi hawaijui.
Mjukuu alipofika, akaisikia mezani,
akapiga makofi: lori!

Treni iliporudi nikamfuata dereva Senzighe,
kinasa sauti nimekificha ndani ya kofia.
Akanitazama kama daktari
anavyomtazama mgonjwa asiye na homa.
"Unataka nini hasa?"
"Ikohoe."
"Hiyo tumeshaiponya," akasema kwa fahari.
"Basi ikumbushe."

Hakucheka. Siku mbili nikarudi na ngurumo laini
isiyonifaa kitu.
Ya tatu ilikuwa asubuhi ya Julai,
mlima umejifunika mpaka miguuni,
baridi imeingia kwenye chuma,
na nikasikia: moja.
Mbili.
Na katikati ya ile ya tatu, mama mmoja akapita karibu na kofia yangu:
"Ndizi! Ndizi za Kibosho!"

Nimejaribu kumfuta. Wiki nzima,
kwa kompyuta ya kuazima.
Ukimkata yeye, kikohozi nacho kinakatika.
Nikamwacha.
Sasa nambari nane, kila ikiwaka,
inauza ndizi.

Jana usiku nilikuwa ndiyo kwanza nimeiwasha,
umeme ukaenda zake.
Taa, feni, redio ya jirani, vyote kimya.
Ila nimeitilia kapasita chini ya paa,
akiba ya sekunde mbili, kwa ajili ya reli zenye vumbi.
Gizani ikaendelea peke yake:
moja, mbili, ya tatu, "Ndi—"

Aikande, kutoka jikoni,
akamalizia neno.