Mwandiko

Darasa la nne nilishinda penseli mbili
na rula ya mbao, kwa mwandiko.
Baba akaviangalia vidole vyangu, akasema,
Wewe sasa ndiye karani wangu.
Alikuwa kamanda wa sungusungu pale Ussoke.
Sheria zote alizijua kwa kichwa. Kusoma hakujua.

Jumamosi usiku, kibatari, kaunta buku,
yeye anasema, mimi naandika.
Fulani, mbuzi wa jirani: fimbo ishirini, debe mbili za mahindi.
Fulani, maneno ya uchawi: atengwe.
Neno hilo niliijua tahajia yake kabla ya maana:
asipewe moto, asipewe chumvi,
asisalimiwe kisimani, na akifiwa
azike mwenyewe.

Nilipenda herufi K. Niliipa mguu mrefu mbele,
kama mtu anayetaka kutoka ndani ya mstari.

Mwaka ule mvua zilichelewa, tumbaku ikawa nyepesi,
na belo mbili za mjane Mwashi zikatoweka kwenye bani.
Baba alirudi na jasho la mtu aliyekimbia
ingawa alitembea.
Akakaa. Andika, akasema. Kasubi.

Nikauliza, kama karani anavyopaswa:
Kasubi yupi?

Maana walikuwepo wawili.
Mmoja wa Nzigula, mchoma mkaa wa bondeni,
asiye na ndugu wa kumlilia.
Mwingine alikuwa amelala chumba cha pili,
miguu imepita mwisho wa shuka,
tangu jioni ana kikohozi.

Kibatari kilikunywa mafuta. Mama, mlangoni,
alishika mwiko na ugali tulishakula.
Nilimwona baba akipima,
wallahi nilimwona, jicho likienda bondeni
likirudi, likienda tena.
Kisha akasema: Wangu.

Nikaandika. Kwa uzuri. K yenye mguu mrefu.

Sheria yao: ndugu apige wa kwanza,
kesho asije akasema mlimwonea.
Sikwenda. Nilihesabu kutoka kitandani
kwa kuwa asubuhi ningetakiwa kujaza idadi.
Nilifika thelathini na moja, filimbi ikalia, nikapotea,
nikaanza tena moja.

Kasubi alikufa siku ya tatu, saa za kuchuma majani.
Belo zilionekana baadaye, au hazikuonekana;
Ussoke wana majibu mawili,
inategemea nani amekaa karibu.

Baada ya arobaini mama alinifuata jikoni na kaunta buku.
Andika, akasema. Mgalula.
Mkono ulikataa, mdomo ukauliza upumbavu:
Mgalula yupi?
Hakunijibu. Alimwaga maji juu ya mafiga,
akachukua kopo la chumvi,
akalisukuma chini ya kitanda chake.

Miaka kumi na mmoja.
Bati moja, mvua moja.
Baba alijipikia kwa vijiti vya kuokota,
akapiga hodi kwenye mlango alioutundika mwenyewe.
Hakulalamika hata siku moja. Hilo ndilo linalonitisha:
aliijua sheria, akaitii.

Mama tulimzika Mei.
Jana baba amefika kwangu, Ng'ambo, kwa treni ya usiku,
magoti yake mawili yakibishana,
na kaunta buku ndani ya mfuko wa mbolea.
Nilimpa uji. Nilikuwa nimetia chumvi;
aliunusa kwanza, akaniangalia, akanywa.
Soma, akasema.

Nikasoma. Mbuzi, mahindi, uchawi, kuku wa misheni.
Sauti yangu ilikuwa ile ya ofisini.
Kasubi nikamsoma pia, na idadi niliyoibuni.
Kisha nikafunga, nikasema, Mwisho.

Baba, asiyejua a wala be,
alikuwa akihesabu karatasi kwa sikio.
Umeruka mmoja, akasema.